Perege wa Unyoya

Wiki iliyopita nilishuka Bunju kununua muhogo wa kuchoma, sina safari nyingine yoyote ya maana, na mwanamke aliyekuwa akipepea jiko akainua uso, akanikodolea macho, kisha akapiga ukelele.

"Manyoya! We Manyoya, si wewe?"

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu hapo nimeitwa mengi: dada wa mitumba nilipokuwa nauza nguo Sinza, mama ntilie nilipowapikia mafundi kule Kinyerezi wakati mitambo ya umeme inajengwa, na huko Songea ndugu zangu wananiita mzururaji, tena mbele ya wageni. Yote nimeyaitikia. Lakini Manyoya ni jina nililolitolea jasho, na huyu mchoma mihogo analijua vizuri, maana tulikaa dawati moja na yeye ni mmoja wa waliolianzisha kwa kunicheka.

"Bado unavua?" akaniuliza.

"Mto bado una maji?"

"Yapo ya kuloweka miguu."

Basi nikateremka mtoni na muhogo wangu mkononi, na njiani nikaanza kukumbuka. Kaa nikusimulie, rafiki yangu, maana hili ni moja ya mambo machache maishani ambayo nikiyasimulia sihitaji kutia chumvi.

Wakati ule Bunju ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabu. Bibi yangu alihamia huko kutoka Songea kumfuata mwanawe, yaani mama yangu, aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha simenti cha Wazo. Mama alitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Asubuhi zetu zilikuwa na sauti zake: ufagio wa chelewa uwanjani, kuku wakigombea pumba, na redio ya Bibi iliyokamata stesheni moja tu, tena ukiiinamisha. Shule yetu ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, tukawa tunasoma kwa zamu, na darasa langu liliingia mchana. Nikishachota maji, nikachambua mchele na kuwafungulia kuku, asubuhi iliyobaki ilikuwa yangu. Na mimi niliipeleka yote mtoni.

Mto Mpiji haukuwa mkubwa. Kiangazi uliuvuka bila kulowesha goti. Lakini chini kidogo ya daraja ulijipinda, ukaacha kilindi cha maji ya kijani, upande mmoja kivuli cha mikuyu, upande wa pili fungu la mchanga mweupe. Mamba, tuliambiwa, walikaa huko chini karibu na bahari. Tuliamini kwa sababu ilitufaa kuamini.

Wanaume waliovua walikaa darajani na mishipi yao ya mkono na kopo la nyungunyungu. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, ambaye naye aliingia kazini mchana. Walivua kambale. Kambale akifika juu walimgonga kichwa kwa rungu angali majini, ndipo wakamvuta. Mimi nilijua uvuvi ni hivyo, na sikuwa na habari kwamba upo mwingine mpaka nilipouona ule mfuko mrefu wa turubai kwenye duka la Babu.

Babu wa Dukani alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mufindi, ambako baba yake alikuwa na duka katikati ya mashamba ya chai. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ukimwambia "nyie" alikujibu "ninyi", taratibu tu, huku anakupimia sukari. Kwake nilitumwa chumvi na mafuta ya taa, nikachelewa kurudi kwa sababu nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Hiki nini? Kile kinatoka wapi? Siku hiyo nikauliza mfuko ule una nini.

Akaufungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na fimbo ya kuvulia ya vipande viwili, imetengenezwa kwa fito nyembamba za mwanzi zilizogundishwa pamoja, ina mpini wa kizibo na gurudumu dogo la kukunjia mshipi. Aliniambia Mufindi wana mito ya maji baridi, na yeye akiwa kijana aliingia humo mpaka kiunoni, akavua samaki kwa unyoya.

"Kwa unyoya, Babu? Samaki anakula unyoya?"

"Anakula kumbikumbi. Wewe unamdanganya kwa unyoya."

Alipohamia Bunju magoti yalikuwa yameshamkataa, na mteremko wa kushukia mtoni hakuuweza hata kidogo. Mara moja tu aliwaambia watu wa darajani kwamba perege wa Mpiji wangeweza kuvuliwa kwa unyoya, walipokuja dukani kununua ndoana. Walicheka, na miaka yote hiyo wakawa wakipita dukani wanamuuliza kama ana manyoya ya kuuza.

Alinifundisha nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kuanikia, bila ndoana. Aliweka sahani ya bati chini, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nitupe mshipi uangukie ndani. Siri yake ilikuwa kungoja. Unarudisha fimbo nyuma mpaka mkono ufike sikioni, unauacha mshipi unyooke wote mgongoni kwako, ndipo unaupeleka mbele. Kungoja kiasi gani? Akafikiri, akatazama kabati lake la vitafunio.

"Sema 'andazi' moyoni. Ukiikata, mshipi utakatika. Ukiivuta, utakuangukia kichwani kama tambi."

Andazi, andazi, andazi, wiki tatu nzima. Mambo ya mtoni akanifundisha kwa maneno, bila kufika huko: usinyanyue mguu, uburuze, kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Ingia kutokea chini uende juu, samaki wanatazama maji yanakotoka, hawatakuona. Mimi mtoto niliyekuwa siwezi kukaa kitako darasani nusu saa, nilisimama kwenye yale maji na fimbo aliyoniazima mpaka vidole vikanyauka.

Kilichobaki ni unyoya wenyewe. Manyoya ya shingo ya jogoo ndiyo magumu, yanaelea, na ukiyapaka mafuta ya nazi kidogo hayanyonyi maji. Tuliyafunga kwenye ndoana, na mwili wa huyo kumbikumbi wa bandia tukauzungushia uzi wa gunia. Tatizo, jogoo wa karibu alikuwa jogoo wa Bibi, mwekundu kama tofali, aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya Krismasi. Nilimvizia kila asubuhi, mawili leo, matatu kesho. Bibi alipoona shingo inakuwa wazi akasema ni kideri kimeingia, akamnywesha maji ya shubiri na pilipili. Siku tatu jogoo wa watu anakunywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Siku ya nne Bibi akaikung'uta kanga yangu, likadondoka nyoya moja jekundu. Nilichapwa, sikatai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alicheka huku ananichapa.

Wenzangu ndipo waliponiita Manyoya. Darajani nako hapakuwa na huruma.

"We mtoto, unafukuza nzi?"

"Samaki wa hapa hali manyoya. Mkaangie na kuku mwenyewe!"

Mwalimu wa hesabu akamalizia, "Saba mara nane haimwingii, lakini kumpikia samaki kuku anaweza."

Wote wakaangua kicheko. Mimi nikaendelea kutupa. Wiki nzima sikupata kitu.

Halafu, mvua za vuli zilipoanza kunyesha, mtoto wa kiume wa Babu akaja kutoka mjini na mkewe kufunga duka. Babu alikuwa anachukuliwa kwenda Kanada kuishi na binti yake. Ndege ilikuwa Jumapili. Nilimkuta kakaa kwenye kigoda kati ya makasha, mfuko wa turubai magotini.

"Mwanangu anauza vyote kwa mtu mmoja," akaniambia, "na hii imo. Lakini sikiliza. Nimeishi dakika kumi kutoka kwenye mto ule na sijala samaki wake aliyevuliwa kwa unyoya. Nipatie mmoja nimle kabla sijaondoka, fimbo ni yako. Mwanangu amekubali."

Mwanawe aliyekuwa akipigilia kasha akaitikia bila kugeuka, "Nimekubali, lakini Jumamosi mchana gari la mnunuzi linakuja."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Usiniulize usingizi niliupataje.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imekatika, na kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu. Bibi alikuwa nje na ndoo anawakusanya wa kukaanga. Mimi nikaazima fimbo dukani, nikakimbia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake mabawa yametapakaa. Niliburuza miguu mpaka maji yakafika kiunoni, nikatupa. Andazi. Unyoya ukatua karibu na mizizi ya mkuyu, ukazunguka mara moja, kisha mdomo mkubwa kama kata ukafunguka, ukaumeza.

Rafiki yangu, fimbo ilipinda mpaka nikadhani ni upinde. Darajani mtu akapiga mbinja. Mwalimu alikuwa anapiga kelele, "Mpe mshipi! Mpe mshipi, mtoto wewe!" kana kwamba ndiye aliyenifundisha. Nilivutwa, nikaanguka, nikanywa maji, nikainuka. Alipochoka nikamsogeza kwenye fungu la mchanga, nikamgonga jiwe la kichwa mumo humo majini kama nilivyoona watu wote wanafanya. Kambale. Alikuwa mrefu kama mkono wangu kuanzia begani. Kwa unyoya.

Nilipandisha mteremko nimembeba begani, watoto nyuma yangu wanaimba, Manyoya, Manyoya, na safari hii hawakuwa wakinicheka. Babu alisikia kelele, akainuka mwenyewe kutoka kwenye kigoda bila kushikwa mkono.

"Kwa unyoya?"

"Kwa unyoya, Babu! Muulize mwalimu!"

Mwalimu, aliyekuwa ametufuata akihema, akasema, "Nimeona kwa macho yangu."

Babu akatabasamu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. Kisha akapitisha kidole kwenye ngozi ya samaki, na tabasamu likapungua kidogo kidogo, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto.

"Ni samaki mkubwa, mtoto wangu. Umefanya kazi ya wanaume watatu. Ila hana magamba. Sisi kwa dini yetu samaki asiye na magamba hatumli."

Mimi nilikuwa nimenunua chumvi kwa mzee huyu miaka sita, najua bei ya kila kitu kabatini mwake, nimemuuliza maswali elfu moja, na hilo sikuwa nimeuliza.

"Haidhuru," akasema, akaninyooshea mfuko wa turubai. "Umemshika kwa unyoya, watu wameona, mimi si mwongo tena. Chukua fimbo yako."

Niliitaka fimbo ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mpaka leo sijui maneno yalitoka wapi.

"Ulisema nikupatie umle, Babu. Bado hujala."

Nikageuka na kambale wangu, nikaenda nyumbani kulia.

Bibi alikuwa ameshapata habari. Alimpokea kambale, akaanza kumkata kwa ajili ya kumbanika, wala hakunibembeleza.

"Umempelekea Mhindi yule kambale? Mie nalijua hilo tangu mwaka wetu wa kwanza hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema unakwenda kuvua perege. Perege ana magamba." Akafuta kisu. "Na kingine usichokijua: kwao samaki atoke majini mzima, afie nchi kavu. Ukimgonga majini kama wale wahuni wa darajani, hata awe na magamba mwili mzima, hali."

Nikamwambia haina maana tena, kambale ametafuna unyoya wangu wa mwisho, na kesho ndiyo Jumamosi. Bibi aliweka kisu chini. Aliosha mikono, akatoka uwanjani. Nikasikia purukushani na kelele za kuku. Akarudi na jogoo wake mwekundu kambananisha kwapani, shingo ile ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuota upya, na kwa mkono mwingine akanisogezea kigoda.

"Kaa hapa karibu. Matatu tu. Na uchague mazuri, usinitie aibu."

Jumamosi nilikuwa mtoni jua halijapanda juu ya mikuyu. Nilichukua ndoo, na fimbo nikaipitia tena dukani. Maji yalikuwa yametulia kidogo, na pale kwenye fungu la mchanga niliona vile vishimo vya duara ambavyo perege huchimba. Samaki wa hapo hana mdomo wa kata. Anakuja chini ya kumbikumbi, anamtazama, anabusu maji, basi. Mara ya kwanza nilivuta mapema. Mara ya pili unyoya wangu ukanasa kwenye mti, nikaukata. Ukabaki mmoja, maana mwingine nilikuwa nimeufunga vibaya ukafumuka. Darajani watu walikuwa wengi kuliko siku zote, lakini hakuna aliyetia neno. Mwalimu alikuwa amekunja mshipi wake, kopo la nyungunyungu limefunikwa.

Nilitupa. Andazi. Unyoya ukashuka polepole kama kitu kisicho na mwenyewe. Maji yakabusiwa. Nikangoja, nikasema andazi nyingine moyoni, hiyo sikuambiwa na mtu, nikainua fimbo.

Alikuwa perege wa kiganja na vidole, basi. Ukimweka pembeni ya yule kambale ungesema ni mtoto wake wa kufikia. Sikumgonga. Nilimzungushia viganja kama mtu anayebeba yai, nikamtia kwenye ndoo yenye maji, nikapanda mteremko natembea, sikimbii, watu wote wa darajani nyuma yangu wanatembea nao, na kila baada ya hatua chache mwalimu anachungulia ndoo na kutangaza, "Yu hai. Bado yu hai."

Babu akamtoa ndoo mwenyewe. Akapitisha kidole, safari hii magamba yakashika kucha. Akamlaza kwenye ubao tukangoja, samaki akafa pale mbele yetu, nchi kavu. Mkwewe aliufungua tena mzigo wa vyombo aliokwisha kuufunga, akatoa kikaango, akampaka ndimu, pilipili na bizari. Gari la mnunuzi lilikuwa limeshafika na dereva akaambiwa angoje, na akangoja, na akaomba kujua kunani, akaelezwa na watu sita kwa pamoja.

Babu alikula kwa mkono, taratibu, hakumwonjesha mtu. Mifupa aliipanga pembeni ya sahani, mmoja mmoja. Alipomaliza akamwambia mwanawe kitu kwa lugha yao, kisha akanigeukia.

"Nimemwambia wewe ndiye mvuvi wa Mpiji. Waliobaki wanaokota."

Na akanikabidhi mfuko.

Mwalimu alinisubiri nje ya duka. Akakohoa, akasema, "Hebu nionyeshe huo unyoya unafungwaje." Tulikaa chini kwenye baraza, nikamwonyesha. Akakosea. "Rudia, mwalimu," nikamwambia. Akarudia. Alipopatia nikamwambia tena, "Hamsini na sita."

"Nini?"

"Saba mara nane."

Shule niliiacha mwaka uliofuata, na sijisifu kwa hilo. Lakini sijawahi kujiona mjinga, popote nilipokwenda, na nimekwenda kwingi. Mtu akinicheka, nangoja kidogo.

Basi wiki iliyopita nikasimama kwenye Mpiji, suruali nimeikunja, ganda la muhogo mfukoni. Kilindi hakipo. Malori ya mchanga yameuchimba ukingo mpaka mto umejilaza, mpana, hauna kina wala kivuli, na mikuyu imekatwa yote. Lilipokuwa duka la Babu watu wanasuka nywele. Bibi tulimzika Songea, kando ya mama yake, na jogoo yule, kama unataka kujua, aliliwa Krismasi ileile akiwa kipara. Fimbo ilivunjika kipande cha juu miaka mingi baadaye, kwenye mto mwingine, kosa langu. Kipande cha chini nakibeba kila ninakohamia, kwenye begi, pamoja na vyeti ambavyo sina.

Nikakitoa. Vijana wawili waliokuwa wakiosha pikipiki pale majini wakanitazama, mama mzima na kijiti kisicho na mshipi.

"Mama, unafukuza nzi?" mmoja akaniuliza, mwenzake akacheka.

Niliburuza miguu mpaka palipokuwa na fungu la mchanga. Nikarudisha mkono nyuma, ukafika sikioni, nikauacha hapo.

Andazi.